Ndege ya Pili Ndiyo ya Kuchagua

Jumapili iliyopita nilikwenda Buhongwa kwa mtoto wa kaka yangu, kula wali wao na kugombana naye kidogo kama ilivyo desturi yetu. Nikamkuta barazani amenuna, mtu mzima mwenye mke na kitambi kinachoanza, na miguuni pake kuna ile ndege yake ya kuchezea inayoongozwa kwa rimoti. Bawa moja limekatika, pua imerudi tumboni. Ilikuwa imeangukia bustani ya mchicha ya mama mmoja kule Mkolani, na huyo mama, namsifu sana, aligoma kuitoa mpaka mwenye ndege apande upya tuta lililoharibika. Kucha zake zilikuwa bado na udongo.

"Shikamoo shangazi," akasema bila kuinua kichwa.

"Marahaba. Pole na msiba."

Hakucheka. Akaniletea simu mpaka usoni, akanionyesha picha za ndege tatu, maana alishaanza kutafuta nyingine. Moja nyekundu, nyembamba, ya mbio, imetengenezwa kwa mfano wa zile za vita. Moja ina injini mbili na madirisha yamechorwa ubavuni. Ya mwisho ya njano, mabawa mapana yamekaa juu ya mgongo, haina mbwembwe yoyote. Wanaojua, alisema, wanamshauri anayeanza achukue hiyo ya njano, kwa sababu haina haraka na ukikosea inakusamehe. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye nyekundu. Akaniuliza mimi ningechukua ipi, kwa utani tu, kama unavyomuuliza mama mtu mzima habari za mpira.

"Ndege ya kwanza ni ya kuvunja," nikamjibu. "Ya pili ndiyo ya kuchagua."

Maneno yalinitoka yenyewe. Nilikuwa sijayatamka tangu utotoni, na wala si yangu. Ni ya fundi baiskeli wa Kirumba, Mungu amrehemu. Wali ulipoa siku hiyo, rafiki yangu, kwa sababu nilianza kusimulia, na mimi nikianza sina breki.

Tulikaa Kirumba, hapa Mwanza, chini ya kilima cha mawe, karibu na ziwa kiasi kwamba nguo zilizoanikwa zilirudi ndani zikinuka dagaa. Asubuhi tulikimbia mchakamchaka tukiimba, kisha shamba la shule, ndipo hesabu zifuate. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni, na alfajiri mama alimtuma mmoja wetu akaweke jiwe kwenye mstari wa duka la ushirika ili lishike nafasi yetu. Lakini chakula cha ziwani hakikuwa na foleni. Furu walikuwa tele, wale samaki wadogo wenye miiba ambao ukiwala huku unaongea unaishia hospitali. Mama aliwachemsha kwa nyanya na ndimu, tukawala na ugali wa muhogo, na hakuna aliyefungua mdomo kusema neno mpaka sahani imeisha. Nadhani ndiyo maana siku hizi naongea sana.

Alasiri, upepo ulipoanza kutoka ziwani, watoto wa Kirumba walipanda juu ya mawe na ndege zao za uzi. Usidhani nasema tiara. Tiara ilikuwa ya wadogo. Hizi zilikuwa ndege zenye kiwiliwili na mabawa na mkia, tulizochonga kwa ule mti mwepesi unaoota majini, ambao wavuvi waliukata kuwa maboya ya nyavu. Mbavu za mabawa zilikuwa mafunjo yaliyopasuliwa, ngozi yake karatasi ya mfuko wa saruji, gundi yake ugali wa jana. Mbele tulikaza utepe wa nailoni kwenye kijiti kilichopindwa, na upepo ukiupiga, ndege inanguruma mpaka unaisikia tumboni. Ndege isiyonguruma ilihesabika kuwa ya kitoto. Msichana nilikuwa peke yangu juu ya mawe yale. "Mtoto wa kike na ndege wapi na wapi," alisema mama, lakini mifuko ya saruji alikuwa ananiwekea yeye.

Spoki na vipande vya tyubu tulipewa na fundi baiskeli. Alikuwa mzee wa mjini, wa kofia ya kufuma na kanzu ya Ijumaa, na ukimuuliza kabila lake anakujibu, "Mimi wa Mwanza." Hakuwahi kupanda ndege maishani mwake. Lakini kila iliyopita kwenda kutua uwanjani ilimkuta amesimama na spana mkononi, uso juu, mteja anasubiri. Mtoto akimjia analia na mabawa yaliyovunjika, fundi alikuwa na pole moja tu kwa watoto wote, hiyo niliyompa mwanangu barazani.

Kisha vikaja vita vya Kagera. Kila nyumba ilichimba handaki uani, na balozi wetu wa nyumba kumi akapata filimbi. Sijui nani alimpa, ila aliyempa alimharibu. Aliipuliza akikagua mahandaki, aliipuliza mwanga ukipenya dirishani, na ninaamini aliipuliza hata kumuita mkewe. Tulikula mapema kabla giza halijaingia, halafu tukakaa na kusikiliza redio ya baba kwa sauti ya chini.

Bibi, mama mzazi wa baba, alifika kwa meli pamoja na watu wengi waliokimbia kutoka Kagera. Kichwani kifurushi, mkononi jembe, kwapani kopo la senene waliokaangwa. Baba alimuuliza, mama, katika vitu vyote umebeba jembe? "Ni langu," akasema bibi. Senene alitugawia sisi, yeye hakumgusa hata mmoja, kwa sababu kwao zamani wanawake waliwaokota na wanaume ndio waliowala, na bibi hakuwa mtu wa kubadilisha mambo kwa sababu ya vita. Mimi nilikula wangu na wake.

Alitueleza mara moja tu. Alikuwa kwenye kibanja chake, ndilo shamba la migomba linalozunguka nyumba, ndege ikapita chini kabisa juu ya majani, na jirani yake aliyekuwa akipalia ng'ambo ya njia hakuinuka tena. Mengine tuliyaona wenyewe. Bibi hakutoka nje ya paa. Alipika ndani, alisuka mikeka ndani, na alipolazimika kuvuka ua kwenda chooni, aliweka ungo kichwani. Ule ungo wa kupepetea mchele. Aliushika kingo zake kwa mikono miwili akavuka akiwa ameinama, mbio mbio, kana kwamba mabomu yanaweza kuzuiwa na ukili. Watoto wa majirani walicheka. Mmoja nilimng'ata.

Hakuna aliyekuwa amefikiria kutukataza ndege zetu za uzi, maana zilikuwa kelele za kila siku kama kuku. Mpaka alasiri moja upepo ulipokuwa mkali na uzi wa ndege yangu ya kwanza ukakatika. Ikaenda. Ikashuka kutoka kwenye mawe kuelekea nyumbani inanguruma peke yake, na sauti isiyo na mtoto nyuma yake ilikuwa sauti nyingine kabisa. Balozi akapuliza filimbi. Nyumba kumi zote zikaingia mashimoni. Yeye mwenyewe alikuwa uani kwetu kwenye ukaguzi, akaruka kwenye handaki letu lililojaa maji ya mvua mpaka kiunoni, akaendelea kupuliza akiwa humo humo. Ndege ikaangukia bati letu, ikabingirika, ikamdondokea miguuni alipokuwa anapanda kutoka. Akaikanyaga kwa miguu miwili, maji yakimchuruzika kwenye kaptura.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha baba akauliza, "Mama yuko wapi?"

Alikuwa chini ya kitanda, ameshika mguu wa kitanda, ungo bado kichwani. Midomo ilikuwa inasali. Baba hakumvuta. Alikaa sakafuni akamshika unyayo, akakaa hivyo hivyo, na sisi watoto tukasimama mlangoni, mpaka bibi alipoanza kutoka mwenyewe kidogo kidogo. Sijawahi kumpenda baba yangu kama nilivyompenda alasiri ile.

Vita vikaisha. Redio ikasema, watu wakaimba barabarani, mahandaki yakageuka mashimo ya taka, na waliokimbia wakaanza kurudi kwao. Bibi akasema atarudi kesho. Ilipofika hiyo kesho, akasema kesho. Kila msafiri aliyetoka huko alileta habari zile zile: nyasi zimepanda, migomba inaanguka, na watu wanafunga mbuzi wao karibu na kaburi la babu. Unajua kwa Wahaya mtu huzikwa kwenye kibanja chake, na kibanja bila mtu ni kama kumtelekeza aliyelala humo. Bibi alizisikia habari hizo akalia kimya kimya, akifuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha alivuka ua na ungo wake kichwani.

"Siwezi kumbeba mama yangu kama gunia," baba alimwambia mama. Nilikuwa nachambua dagaa, hawakujua nasikiliza. "Akienda huko na hofu hii, atakufa ndani ya nyumba yake mwenyewe, mlango umefungwa."

Wakati huo huo ndege ziliruhusiwa tena, na kulikuwa na mashindano ya watoto yanakuja siku ya Saba Saba, juu ya mawe. Nikaenda kwa fundi baiskeli, naye akanipangia chini kwa vijiti ndege tatu ninazoweza kujenga. Ya kwanza ya mabawa mafupi ya bati la debe, ya mbio, yenye utepe wa kunguruma mbele na nyuma. Ya pili yenye panka mbili za kuzunguka, nzuri kuitazama, ingewanyamazisha wavulana wote. Ya tatu ya mabawa mapana juu ya mgongo, mafunjo matupu na karatasi, isiyo na utepe, isiyo na sauti. Hii ya tatu aliitaja harakaharaka, kama mtu anayetaja ugali kwenye orodha ya pilau.

"Ya mbio," nikasema.

"Sawa." Akaendelea kuziba tyubu. Akaichovya kwenye karai la maji, akatazama mapovu. "Unamrushia nani?"

Nikamwambia namrushia kila mtu, si mashindano? Akasema kila mtu si mtu. Nikaondoka nimeudhika, maana nilitaka kupewa bati, sikutaka kuulizwa. Lakini nilipofika nyumbani bibi alikuwa anavuka ua.

Nilirudi kesho yake nikasema nataka ya tatu. Nilisema kwa sauti ndogo ili wavulana waliokuwa pale wasisikie. Fundi hakunisifu hata kidogo. Alisema tu basi mafunjo yapasuliwe membamba sana, na kwamba mikono yangu ilikuwa mizito kwa kazi hiyo, nitafute mwenye mikono.

Mwenye mikono alikuwa mmoja tu nyumbani kwetu. Nikambebea bibi mzigo wa mafunjo, nikakaa naye ndani penye mkeka wake, nikamwomba anipasulie. Alipasua bila kuuliza, vidole vyake vikipita kwenye jani kama vinasoma. Nilipoanza kufunga mbavu kwenye uti akauliza, "Hiki ni kikapu gani?"

"Si kikapu, bibi. Ni ndege."

Aliweka chini alichoshika. Akageukia ukuta. Siku ile hakuongea nami tena, na mimi nilikula ugali wangu machozi yakichanganyika na mchuzi, nikiamini nimemuua bibi yangu.

Asubuhi nilimkuta ameipakata. Alikuwa anafungua vifundo vyangu kimoja kimoja. "Umefunga ovyo," alisema. "Hii itavunjika." Akaifunga yote upya, kwa fundo la watu wa vikapu, lile linalojibana zaidi ukilivuta. Kila siku nilipotoka shule nilikuta ameongeza kitu. Kuna sehemu ya mkia aliyoisuka nakshi nyeusi na nyeupe isiyo na kazi yoyote, na nilipomwambia itaongeza uzito akaniambia nyamaza.

Siku ya kuirusha sikwenda kwenye mawe. Niliirushia hapo hapo uani, alasiri, upepo wa ziwa ukiwa mtulivu. Bibi alikaa barazani, chini ya paa, mgongo kwa ukuta, macho kwenye miguu yake. Nikaiachia ndege, ikapanda polepole bila sauti yoyote, nami nikarudi kinyumenyume na uzi mpaka barazani, nikamwekea mkononi. Hakukataa. Nadhani hakujua ni nini mpaka uzi ulipokaza.

"Inavuta," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Inavuta kama mbuzi aliyeona majani." Akavuta kidogo, nayo ikamjibu. Akalegeza, ikamjibu. Uso wake ulikuwa bado chini, lakini mkono ulishaanza kuongea nayo. Upepo ukaisogeza ndege upande wa pili wa paa, uzi ukaanza kukwaruza ukingo wa bati, na bibi, ambaye hakuwahi kuvumilia kitu alichokifunga kikatike kwa uzembe, akainuka kwenda kuunasua. Akachukua ungo, akauweka kichwani, mkono mmoja ukingoni, mwingine kwenye uzi. Akatoka uani.

Sasa tatizo la ungo ni hili: ukiuvaa, huoni juu. Uzi ulipanda kutoka mkononi mwake ukaishia kwenye ukingo wa ungo, na huko mbele kulikuwa na kitu kinachomvuta asichokiona. Akapinda kichwa. Akauinua ungo kidogo upande mmoja, akaona uzi tu. Akauinua zaidi. Mama alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi, hakusogea. Balozi alikuwa anapita njiani, akasimama. Bibi akautoa ungo kichwani, akauegemeza ukutani taratibu, kama mtu anayetua mtungi, akainua uso.

Alitazama juu muda mrefu. Ndege yetu ilikuwa imetulia pale, jua likipenya karatasi ya saruji, mbavu zote zikionekana. "Nakshi inaonekana," alisema. Alikuwa analia na anacheka. Nami nililia kwa sauti, sikuona haya, na balozi akaanza kufuta filimbi yake iliyokuwa safi.

Kwenye mashindano sikwenda. Bibi ndiye aliyekuwa na ndege kila alasiri, na mimi nilimshikia kibiringo cha uzi. Alivuka ua kichwa kitupu. Akaanza kwenda sokoni Kirumba, akabishana bei ya furu. Na siku moja wakati tunakula, akamwambia baba, "Niulizie meli."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya. Nilitaka asiogope. Sikutaka aondoke. Katika hesabu zangu zote za kitoto, bibi asiyeogopa alikuwa bibi wa kukaa na mimi uani, sio wa kupanda meli kwenda kupalia kaburi la babu. Nilimkasirikia fundi, nikamkasirikia upepo. Bandarini sikutaka hata kumpa mkono. Yeye alinishika kichwa kwa nguvu akakivuta kifuani kwake, nikasikia harufu ya mafunjo na moshi.

Alipanda na jembe lake mkononi na ndege kwapani, pale palipokuwa na kopo la senene alipokuja. Wengine waliingia ndani kutafuta pa kukaa. Yeye alibaki nje kwenye sitaha, wazi kabisa, na anga lote juu yake, mpaka meli ilipopita mawe ya ziwani na sikuweza tena kumtofautisha. Nyumbani tulikuta ungo ukiwa pale pale ukutani. Mama aliuchukua akapepeta mchele wa jioni.

Miaka mingi baadaye, nilipokwenda kumzika, niliikuta ile ndege. Ilining'inia juu ya meko yake, nyeusi kwa moshi, karatasi imeisha, vifundo vyote vimeshika. Majirani waliniambia kila mgeni alionyeshwa na kuambiwa, "Hii niliifunga mimi na mjukuu wangu wa Mwanza." Tulimlaza karibu na babu. Kibanja kilikuwa safi kama sebule.

Fundi naye alishakwenda, na pale palipokuwa na karai lake panauzwa vocha na makava ya simu. Mawe tuliyopanda yamepasuliwa kuwa kokoto. Furu nimeacha kuwaulizia sokoni, maana vijana wanaouza samaki wananiuliza ndiyo nini hicho. Samaki wa leo ni sangara, anakwenda kiwandani, nasi tunabaki na kichwa na mifupa.

Basi nilipomaliza kusimulia, nikamuuliza mwanangu pale barazani, "Sasa wewe unamrushia nani?"

"Najirushia mwenyewe, shangazi."

"Basi nunua nyekundu, ukapande mchicha wa watu."

Jana alinipigia simu niende Buhongwa. Alikuwa ameleta ya njano. Tulikwenda kwenye uwanja mtupu nyuma ya nyumba yao, akairusha, na kweli ilikwenda kwa upole, mabawa mapana, jua likiipiga. Ilinipendeza. Kisha bila kuniuliza akanivalisha mkanda wa rimoti shingoni, akaniwekea vidole vyangu kwenye vile vijiti, akasema, "Shangazi, sasa iko kwako."

Ilikuwa juu kabisa. Ilinitii. Nikasubiri kitu mkononi.

"Vipi?" akauliza.

"Nzuri, mwanangu," nikamwambia. "Nzuri sana. Ila haivuti."